Nakala tatu ziliharibika mchana mmoja: kisa cha kompyuta ya nyumbani Buruburu

Mwenye kompyuta ni mwalimu mstaafu anayeishi Buruburu, na ameniruhusu nieleze yaliyompata ila nisitaje jina lake wala la jamaa zake. Alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba faili zake ziko salama. Zilikuwa kwenye kompyuta, zilikuwa kwenye diski ya nje, na nyingine zilikuwa mtandaoni. Tarehe 14 Desemba 2024, katika muda wa saa chache, nakala zote tatu ziliharibika, na hakuna mtu aliyeiba wala kuvunja chochote. Nataka tukifuatilie kisa hiki hatua kwa hatua, kwa sababu nyumba nyingi ninazoingia kama fundi wa kompyuta hapa Nairobi zimepangwa vivyo hivyo na wenyewe wanalala usingizi mzuri.

Mali yenyewe ilikuwa ya aina tatu. Kulikuwa na nyaraka: hati ya shamba la Vihiga iliyopigwa skani, cheti cha kifo cha mumewe, karatasi za mirathi, vyeti vya shule vya watoto. Kulikuwa na picha na video za familia kuanzia mwaka 2006. Halafu kulikuwa na rekodi za sauti, mama yake mzazi akisimulia kwa Kilogooli habari za ukoo na nyimbo za zamani. Mama huyo hayuko tena. Ukimuuliza mwalimu ni kipi kilicho na thamani, hataji hati ya shamba kwanza.

Diski ya kompyuta ilikuwa imegawanywa C na D. Aliyewahi kununua kompyuta Luthuli Avenue au kupeleka mashine kwa fundi mjini anaujua mgawanyo huo. Windows hukaa C, na fundi humwambia mwenye mashine, "Vitu vyako weka D, siku tukifomati C, D haiguswi." Ni ushauri mzuri kwa tatizo hilo moja la kufomati. Mwalimu aliufuata kwa uaminifu: picha zote na rekodi zote zilikaa D. Nyaraka ndizo zilibaki kwenye folda yake ya kawaida huko C, kwa sababu ndiko programu ya kuandikia huzihifadhi yenyewe.

Mwaka 2021 binti yake, anayekaa Syokimau, alimwekea huduma ya mtandaoni, akaunti ya bure inayosawazisha folda. Aliteua folda ya nyaraka na eneo la kazi la skrini. D hakuiteua, nafasi ya bure isingeitosha hata hivyo. Huduma hizi za bure ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: Google hutoa GB 15 zinazogawanywa kati ya barua pepe, faili na picha, OneDrive GB 5, Dropbox GB 2. Picha za mwalimu peke yake zilikuwa zaidi ya GB 90. Basi kwa ajili ya picha binti akanunua diski ya nje, akanakili D yote humo, na diski ikaachwa imechomekwa nyuma ya kompyuta ili mama asisahau kuichomeka.

Desemba hiyo mwalimu alikuwa Vihiga kwa likizo. Mjukuu wake wa chuo alibaki nyumbani, akitaka programu ya kuhariri video za harusi. Programu halali ni ghali, akatafuta iliyovunjwa kufuli. Maelezo ya kuiweka yalimtaka azime kwanza kinga ya Windows, akaizima. Alipoifungua, programu ya video haikutokea. Likatokea dirisha la samawati likisema Windows inasasishwa, asizime kompyuta. Kijana akaiacha ifanye kazi yake, akaenda zake.

Dirisha hilo lilikuwa la uongo. Nilipolisikia likielezwa nilijua tuko na nini hata kabla ya kuiwasha mashine. Ni mbinu ya jamii ya programu hasidi inayoitwa STOP, au Djvu, ambayo kwa miaka kadhaa imeshika watu wa majumbani kuliko makampuni, na mlango wake mkubwa ni hizi programu zilizovunjwa kufuli. Nyuma ya dirisha hilo inapita faili moja baada ya nyingine, inaifunga kwa ufunguo wa siri, na inaongeza herufi nne ngeni mwishoni mwa jina lake. Inafuta nakala za ndani ambazo Windows hujiwekea. Kisha katika kila folda inaacha barua fupi iitwayo _readme.txt: lipa dola 980, au nusu yake ukiwasiliana nasi ndani ya saa 72.

Mwalimu alirudi Nairobi tarehe 8 Januari. Mjukuu alikuwa ameogopa kumpigia, na simlaumu. Kijana wa miaka 19 aliyeona picha za bibi yake zote zimegeuka karatasi nyeupe hana la kusema kwenye simu. Fundi wa kwanza aliyeitwa alitoa jibu la haraka: "Mama, tuifomati tu, iwe mpya." Mwalimu alikataa. Kukataa huko ndiko kulikookoa kilichookolewa, na ninawasihi wanaofanya kazi yangu: usifomati mashine ya mtu kabla hujajua kilichomo na hujamuuliza kama kina nakala kwingine.

Niliitwa siku iliyofuata. Jambo la kwanza lilikuwa kuchomoa waya wa mtandao, maana kompyuta hiyo ilikuwa bado inawasiliana na akaunti ya mtandaoni kila ikiwashwa. La pili, ambalo wengi hulisahau, lilikuwa nenosiri. STOP mara nyingi huja na mwenzake wa kuiba manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari. Kwa hiyo kabla ya kuangalia picha hata moja, tulikaa na laptopu ya binti, tukabadilisha nenosiri la barua pepe, la akaunti ya faili na la benki, tukafunga kila kifaa kilichokuwa kimeingia humo. Mwalimu alikuwa na haraka ya kuona faili zake. Ilibidi nimwombe avumilie.

Sasa tuzitazame nakala zenyewe, moja moja.

Nakala ya mtandaoni ilikuwa imeharibika kwa sababu ilifanya kazi yake sawasawa. Kusawazisha maana yake ni kuhakikisha kilichoko huku na kilichoko kule ni kitu kimoja. Faili ya hati ilipotoweka kwenye kompyuta na nyingine yenye jina refu ikatokea mahali pake, huduma iliiondoa hati kule mtandaoni pia na kuipandisha ile iliyofungwa. Haikuwa na njia ya kujua kama aliyefanya mabadiliko ni mwalimu au ni mwizi. Kama ungefuta folda kwa bahati mbaya, ingefanya hivyo hivyo, kwa utiifu ule ule. Hapa ndipo ninapotofautiana na wauzaji wanaoiita huduma ya kusawazisha hifadhi na kuishia hapo. Ni msaada mkubwa diski ikifa au laptopu ikiibiwa kwenye matatu. Kwa kosa la mwenye mashine au kwa programu hasidi, inachokupa ni muda tu.

Na muda huo tuliukuta ukiwa ukingoni. Huduma nyingi za aina hii huweka faili zilizoondolewa kwenye pipa la taka kwa siku 30, kisha huzifuta kabisa. Kutoka 14 Desemba, siku 30 zinaishia 13 Januari. Tulikuwa tarehe 9. Tulifungua pipa, na nyaraka zilikuwamo zote na majina yao halisi, zimeandikwa tarehe ile ile ya kuondolewa. Mwalimu aliivuta miwani, akasoma jina la faili la hati ya shamba kwa sauti, kisha akasema, "Hiyo ndiyo." Tukazirudisha kwenye laptopu ya binti, wala hatukuzigusisha kompyuta iliyougua. Kwa akaunti ya bure kazi ilikuwa ya kuteua kurasa kwa kurasa. Kurudisha akaunti nzima ilivyokuwa tarehe fulani kwa kawaida ni haki ya anayelipa. Lakini zilirudi. Kama mwalimu angebaki Vihiga wiki moja zaidi, mirathi ingeanza upya kwa kutafuta karatasi ofisi kwa ofisi.

Diski ya nje ilifungwa kwa sababu nyepesi zaidi: ilikuwa imechomekwa. Kwa programu hasidi, diski iliyochomekwa ni folda nyingine tu ya kompyuta hiyo hiyo. Binti aliiacha hapo kwa nia njema, na nyumba nyingi hufanya hivyo. Diski ya aina hiyo ikae imechomolewa, kabatini, ichomekwe siku ya kunakili na kuondolewa ikimaliza.

D haikuwa na nakala mtandaoni kabisa. Hakuna aliyewahi kufungua mipangilio akauliza ni folda zipi hasa zinapandishwa. Alama ya kijani kwenye kona ya skrini ilisema kila kitu kiko sawa, na ilikuwa inasema kweli kuhusu folda zilizoteuliwa. Ukiwa na huduma yoyote leo, fungua akaunti yako kwa simu, mbali na kompyuta, utafute picha moja ya zamani unayoipenda. Usipoiona, haimo, hata alama iwe ya kijani namna gani.

Kuhusu fidia, nilimwambia mwalimu asilipe. Anayelipa hana uhakika wa kupewa ufunguo, na fedha hizo ndizo huendesha mashambulizi mengine. Tulitafuta njia ya bure. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa programu ya kufungua faili za matoleo mengi ya zamani ya STOP, lakini kuanzia Agosti mwaka huo waundaji wake walikuwa wamebadili namna ya kufunga, na matoleo mapya hayafunguki isipokuwa pale programu hasidi iliposhindwa kuifikia seva yake na ikatumia ufunguo wa pamoja. Dalili ya hilo ni kitambulisho kilicho kwenye ile barua kuishia na t1. Tulifungua barua, tukasoma mwisho wa kitambulisho. Hakikuishia hivyo. Intaneti ya nyumbani ilikuwa hewani siku hiyo, na kila kitu kilifungwa kwa ufunguo wa peke yake.

Lakini STOP ina haraka, na haraka hiyo ina faida. Haifungi faili nzima. Hufunga karibu KB 150 za mwanzo tu, kisha huenda kwa nyingine. Kwa nyaraka ndogo hizo ndizo zote. Kwa picha, mwanzo huo ndio unaobeba maelezo ya jinsi picha inavyosomwa, na ukiharibika sehemu iliyobaki haina maana kwa kompyuta. Zipo programu za kujaribu kuunda mwanzo mpya kwa kutumia picha nyingine ya kamera hiyo hiyo, na wakati mwingine sehemu ya picha hurudi. Kwa sauti hali ni tofauti. Rekodi za mama yake zilikuwa MP3 za kilobiti 128 kwa sekunde, yaani KB 16 kila sekunde. KB 150 ni kama sekunde tisa. Ukikata mwanzo ulioharibika, kinachobaki ni sauti safi.

Tulianza na rekodi moja. Ilipocheza, mama yake alikuwa katikati ya sentensi. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, na sikuthubutu kusema neno. Baadaye nikamuuliza ni nini kilichokuwa kwenye sekunde zile zilizopotea. "Ni mimi nilikuwa namwambia aanze." Rekodi zote zilirudi kwa njia hiyo. Video nyingi pia zilirekebika, ingawa nyingine zina mikwaruzo mwanzoni. Picha ndizo zilizoumia. Zile ambazo watoto na wajomba walikuwa nazo kwenye simu au kwenye kundi la familia la WhatsApp zilikusanywa, kwa ubora wa chini. Za miaka ya 2009 hadi 2014, kabla kila mtu hajawa na simu ya kamera nzuri, karibu zote bado zimefungwa. Tumezihifadhi zikiwa hivyo hivyo, kwa sababu imewahi kutokea funguo za magenge kama haya zikapatikana miaka baadaye.

Kompyuta iliposafishwa, binti aliuliza swali sahihi: "Sasa tuweke nini ambacho hakitafanya vile tena?" Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeeneza kanuni ambayo mafundi huitaja kwa namba 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumba. Mwalimu hakuwa na idadi hiyo: nyaraka zilikuwa kwenye kompyuta na mtandaoni tu, picha na rekodi kwenye kompyuta na diski ya nje tu. Alichokosa zaidi ni nakala ambayo kompyuta yake haiwezi kuifuta, inayokumbuka jana na mwezi uliopita.

Walichagua Backblaze, huduma ya kulipia ya kuhifadhi nakala mtandaoni, na sababu iliyonishawishi mimi ni moja: huanza kwa kuchukua diski zote za ndani, D ikiwemo, na wewe ndiye unayetoa usichotaka. Ukisahau kuteua folda, kwa kawaida imo. Bei yake tangu Oktoba 2023 ilikuwa dola 99 kwa mwaka kwa kompyuta moja, karibu shilingi 13,000, na unaweza bila kulipa zaidi kuwasha kumbukumbu ya mwaka mzima ya matoleo ya zamani badala ya siku 30. Tuliiwasha hapo hapo. Malipo yalipitia kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, huduma iliyoanza Juni 2022, na kwa wasio na kadi ya benki hiyo ndiyo njia nyepesi. Shilingi 13,000 si pesa ndogo kwa mstaafu. Asiye nazo atumie diski mbili zinazopokezana, moja ikikaa kwa jamaa mtaa mwingine. Ni kazi zaidi, lakini inalinda vizuri.

Kupandisha mara ya kwanza ndiko huwakatisha watu tamaa. Kifurushi cha intaneti hutangaza kasi ya kushusha; kasi ya kupandisha yaweza kuwa ndogo zaidi, kwa hiyo ipime. Ya mwalimu ilikuwa megabiti 8 kwa sekunde. GB moja ni megabiti 8,000, basi ni sekunde 1,000, kama dakika 17. Alikuwa na GB 160 ukijumlisha zilizofungwa, yaani saa 45 hivi bila kusimama. Tuliipangia usiku, kuanzia saa tano hadi saa kumi na mbili asubuhi, ambayo ni kazi ya wiki moja. Stima ikikatika haianzi upya, inaendelea ilipoachia. Wiki ilipopita tulikuta haijafika hata nusu. Kompyuta ilikuwa inalala yenyewe baada ya nusu saa bila kuguswa. Tukabadili mpangilio huo wa Windows, na kazi ikaisha.

Huduma hiyo inaruhusu uweke neno la siri lako mwenyewe la kufungia faili. Mwalimu alitaka, kwa ajili ya hati. Nilimweleza mara mbili kwamba neno hilo likipotea hata kampuni haiwezi kumsaidia. Liko kwenye karatasi mbili, moja Syokimau na moja Vihiga pamoja na hati yenyewe. Msimbo wa pili wa kuingia hatukuutegemeza kwa ujumbe mfupi wa simu, kwa sababu ya wanaorudufu laini za watu. Tulitumia programu ya misimbo, tukachapisha na ile ya akiba.

Diski ya nje nayo ilibaki, sasa ikiwa kabatini. Kuna wanaoniambia ukishalipia mtandao diski ni ya nini. Mei 12, 2024 kebo za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Kenya ikazorota kwa siku kadhaa. Hungependa kuwa unarudisha GB 100 wiki kama hiyo. Na kampuni hubadili nia: CrashPlan ilitangaza Agosti 2017 kwamba inafunga huduma yake ya majumbani, na Oktoba 2018 ikaifunga.

Jaribio la kurudisha faili tulilifanyia Syokimau, kwenye mashine ambayo haikuwahi kuwa na faili hizo. Mjukuu ndiye aliyepewa kazi: achague rekodi moja, picha tano na hati, azirudishe bila kuniuliza. Neno la siri lilikataa mara ya kwanza kwa sababu herufi moja kwenye karatasi ilisomeka vibaya, o badala ya sifuri. Karatasi zote mbili zikaandikwa upya kwa herufi kubwa za kuchapa. Kisha faili zilifunguka. Kijana sasa hulirudia jaribio hilo kila likizo ya chuo, akianza kwa kuangalia tarehe ya mwisho ya kupandisha.

Limebaki suala la kuulipia mwaka unaofuata. Kadi ya GlobalPay isipokuwa na salio siku ya makato, au muda wake ukiisha, malipo hukataliwa na barua ya onyo huenda kwenye anwani ambayo mwalimu haifungui kila siku. Binti ameongeza anwani yake kwenye akaunti na ameweka ukumbusho wa wiki mbili kabla ya tarehe. Tumekubaliana pia kwamba yeye ndiye atakayekuwa na akaunti hiyo mama akishindwa kuiendesha, na mwalimu ameliandika hilo kwenye karatasi ile ile yenye neno la siri.